Panya Wawili Kwenye Faili la Kijani

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikupokea zamu hata moja bila kuhesabu. Unaingia wodini, unamkuta mwenzako wa zamu inayotoka amechoka hana hamu, anakwambia wote wapo, wanaendelea vizuri. Unamshukuru, halafu unaanza kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Si kwamba humwamini. Ni kwamba ukishasaini daftari, mgonjwa asiyeonekana ni wako.

Nilipostaafu, wizara iliniita kwenye Kamati ya Ushauri wa Usalama na Maadili ya Utafiti wa Jeni. Jina lilikuwa kubwa kuliko chumba. Tulikutana ghorofa ya nne, mara moja kila miezi mitatu, kwenye meza yenye vipaza sauti saba ambavyo havikuwahi kufanya kazi hata siku moja, na bado kila aliyetaka kusema alikiinamia cha kwake kwa heshima zote. Mtafiti akitaka kugusa jeni za binadamu, za mmea au za mdudu, maombi yake yalipita kwetu kwanza. Hatukuwa na mamlaka ya kuruhusu wala kuzuia. Tulimshauri waziri tu. Lakini waziri hakuwahi kutia saini kabla hajatusikia, kwa hiyo ushauri wetu ulikuwa na meno.

Tulikuwa saba. Sita walikuwa wasomi, wa saba mimi, mwakilishi wa wananchi. Bila mwakilishi wa wananchi kikao hakikuwa na akidi, hiyo ilikuwa sheria, na nakiri ilinivimbisha kichwa kidogo. Waliniita Sista, kama nilivyoitwa wodini.

Mtindo wetu wa kazi ulikuwa huu. Maombi yalikuja na kurasa mia mbili na zaidi, na hakuna mtu mwenye kazi zake wa kuzisoma zote. Basi Katibu, mtu mpole aliyekaa wizarani muda mrefu kuliko makabati yake, aliyagawa kwa rangi. Faili la bluu lilikuwa la usalama, likaenda kwa Profesa wa damu. La kijani lilikuwa la sheria na vibali, likaenda kwa Wakili. La zambarau, la maadili, lilikuwa la mwalimu wa falsafa. La njano lilikuja kwangu: fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mgonjwa au mzazi wake anaisaini kabla ya kuguswa. Siku ya kikao kila mmoja alisema, "Faili langu halina tatizo," na rangi zote zikishasema hivyo Mwenyekiti alitamka kwamba maombi yamepita. Tuliupenda mtindo ule. Uliokoa muda, na kila mtu aliamini kwamba jirani yake amesoma kile ambacho yeye hakukisoma.

Kabla ya faili lolote kufunguliwa, Mwenyekiti aliuliza swali moja: kuna mwenye maslahi na maombi haya? Ukiwa na ndugu, rafiki au mradi unaohusika, unasema, unatoka nje, na chochote utakachosema baada ya hapo hakipokelewi, hata kwa maandishi. Kila mara tulijibu kwa zamu: sina, sina, sina.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu tangu alipojua kusema amekuwa akitoa maagizo kutoka kitandani. Leteni maji. Fungeni dirisha. Bibi, hadithi hiyo nimeshaisikia, badilisha. Alizaliwa na selimundu. Wanaouguza mtoto wa namna hiyo hawahitaji nieleze, na wengine nitawaambia kwa ufupi: chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo huwezi kuyashika wala kuyapuliza. Alipofika miaka kumi na miwili kipimo cha mishipa ya kichwa kilianza kutoa majibu mabaya. Daktari alisema wakati wowote anaweza kupata kiharusi. Alilisema mbele yake, na Mheshimiwa akamuuliza kama wakati wowote maana yake ni kabla ya mitihani au baada.

Binti yangu, mama yake, anamlea peke yake, mlango wa pili na kwangu. Siku moja aliingia jikoni kwangu bila hata kubisha hodi, uso umemng'aa kama wa siku ya harusi.

"Mama, kuna utafiti. Wanatoa uboho wa mifupa ya mtoto mwenyewe, wanairekebisha jeni iliyoharibika, wanamrudishia. Watoto kumi na watano tu. Wamemweka kwenye orodha ya awali, namba tatu. Wanasubiri kibali cha serikali."

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kilisimama. Maombi hayo nilikuwa nayo chumbani, ndani ya faili la njano.

Nilimwambia. Alikaa kwenye kiti akacheka, akalia, akacheka tena. "Kumbe kibali ndiyo wewe," akasema.

"Si mimi. Nikisema nina mjukuu humo, natolewa nje."

"Basi toka nje, mama. Si sheria inakwambia utoke? Toka tu, wenzio wapitishe. Hujaiba, hujadanganya."

Alikuwa na haki, na mimi nilikubaliana naye kwa moyo wote. Niliona ni jambo jepesi: naingia, nasema nina maslahi, natoka, nakaa kwenye benchi la korido, Mheshimiwa anatibiwa. Mikono yangu safi, sheria imetimizwa, na mtoto amepata.

Kilichoniharibia ni kwamba nilitaka kujua. Hiyo ridhaa niliyoishika ingesainiwa na binti yangu. Siku mbili kabla ya kikao nilikwenda wizarani nikamwomba Katibu anionyeshe maombi yote, rangi zote. Alishangaa, hakuna mjumbe aliyewahi kumwomba jambo hilo, lakini hakukuwa na katazo. Aliniketisha kwenye meza ya kona, karibu na mashine ya kunakili iliyokuwa inapiga kelele kama inasaga mawe, na nikasoma kuanzia saa tatu asubuhi mpaka walipoanza kufunga madirisha.

Mengi sikuyaelewa. Lakini hesabu naielewa. Kwenye faili la bluu, ukurasa wa sitini na moja, iliandikwa kwamba panya ishirini walipewa seli zilizorekebishwa, wakafuatiliwa miezi sita, na waliochunguzwa hawakukutwa na saratani. Vizuri. Kwenye faili la kijani, ukurasa wa mia na kumi na mbili, kulikuwa na orodha ya panya wenyewe, mmoja mmoja kwa namba zao, na tarehe waliyopasuliwa na kuchunguzwa. Niliihesabu mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kwa kalamu. Kumi na wanane. Namba saba na namba kumi na nne hawakuwepo.

Ile orodha ilikuwa imefuata nyuma ya kibali cha kutumia wanyama, na kwa kuwa kibali ni sheria, Katibu aliiweka yote kwenye kijani. Profesa, anayejua panya, hakuiona. Wakili aliiona, akatazama mhuri na tarehe ya kibali, akaridhika.

Nilimwita Katibu nikamwonyesha. Alikunja uso, akavua miwani, akaivaa tena. "Sista, hili ni la mezani. Mambo ya faili hayazungumzwi korido. Liseme mwenyewe kikaoni, Katibu hana sauti pale."

Ndipo nilipoona mtego niliokuwemo. Kikaoni, swali la kwanza ni la maslahi. Nikijibu kweli, natoka, na panya wawili wanabaki kwenye kijani, na maombi yanapita. Nilimwandikia Profesa kikaratasi, nikakichana, kwa sababu neno la aliyetoka halipokelewi, hata aliloliandika kabla ya kutoka, na mimi ndiye niliyemwona Mwenyekiti akirudisha barua ya namna hiyo bila kuifungua. Njia pekee ya kuuliza ilikuwa kubaki ndani. Na njia pekee ya kubaki ndani ilikuwa kudanganya.

Binti yangu nilimweleza. Sikutaka kumzunguka.

"Panya wawili," akasema. "Mama, panya."

"Kama walikufa kwa saratani ya damu, mwanangu, ni mmoja kati ya kila kumi. Watoto ni kumi na watano."

"Na kama walikufa kwa mambo yao?"

"Watatuambia."

"Lini? Kamati yenu inakaa mara nne kwa mwaka." Hakupandisha sauti. Alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukivuka barabara. "Daktari amesema wakati wowote. Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Toka nje, mama. Nakuomba."

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimewageuza vitandani watoto wa namna hiyo.

Siku ya kikao nilivaa gauni la kijivu, nikaketi mahali pangu. Mwenyekiti, bingwa wa mbegu za mahindi aliyezeeka kwa utaratibu, alifungua kwa sauti yake ile ya kusoma. "Kuna mwenye maslahi na maombi haya?"

"Sina," alisema Profesa. "Sina," alisema Wakili. Ikaja zamu yangu, nami nikakiinamia kipaza sauti kibovu.

"Sina."

Sikutetemeka. Nilidhani nitatetemeka.

Profesa alifungua la bluu, akasifu kazi ya watafiti, akasema faili lake halina tatizo. Wakili akasema la kijani halina tatizo. La zambarau halikuwa na tatizo. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika alipogeukia kwangu kwa kutimiza wajibu.

"La njano halina tatizo," nikasema. "Nina swali kuhusu la kijani."

Wakili alinitazama kama mtu aliyekuta mkono wa mwenzake ndani ya mfuko wake.

"Ukurasa wa mia na kumi na mbili," nikasema. "Waliochunguzwa ni kumi na wanane. Namba saba na namba kumi na nne wako wapi?"

Kurasa zilifunuliwa. Profesa alinyoosha mkono, Wakili akamsukumia faili, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kamati ile niliona rangi moja ikisomwa na mtu wa rangi nyingine. Profesa alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

"Orodha hii sikuletewa," alisema.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kibali," alisema Wakili. "Kibali ni halali."

"Hakuna aliyesema si halali." Profesa aliweka kidole kwenye karatasi, hakukiondoa. "Kama hawa wawili walikufa kwa damu, siwezi kumpa dawa hii mtoto wa mtu. Mwenyekiti, tuyarudishe wakajibu."

Mwenyekiti aliandika. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Tunakushukuru, Sista. Lakini la kijani ulilionaje?"

"Nimesoma mafaili yote."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni udadisi. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja na ilinitosha. "Kwa sababu mjukuu wangu ni namba tatu kwenye orodha ya hospitali."

Mwenyekiti alifunga kalamu yake taratibu. "Nilikuuliza, ukasema huna."

"Nilisema."

"Ukijua?"

"Nikijua, Mwenyekiti."

"Naomba utoke nje," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi la korido. Baadaye Katibu aliniletea mkoba wangu, akaniambia maombi yamerudishwa kwa watafiti, na mimi nitaletewa barua. Barua ilikuja baada ya siku nne. Nilikuwa nimevunja kanuni ya maadili ya kamati ya maadili, na nimeondolewa. Sikuwa na neno la kubisha.

Siku ile ya kikao, hospitali ilikuwa imeshampigia simu binti yangu kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Hukutoka," alisema.

"Sikutoka."

"Uliwachagua watoto wa watu ukamwacha wako." Akaingia ndani, akaendelea kuosha vyombo.

Majibu ya watafiti yalikuja siku ya tisa. Mwenyekiti mwenyewe alinipigia simu, nadhani aliona ninamdai ukweli. Chupa ya maji ilivuja mwisho wa juma, kizimba kikajaa, panya wawili wakazama. Mtunza wanyama alikuwa ameandika kwenye daftari la chumba, kwa mwandiko mzuri, namba saba na namba kumi na nne, wamekufa maji. Hakuna aliyeihamisha habari hiyo kwenye orodha. Profesa alilikagua daftari, akaridhika. Hakukuwa na saratani. Hakukuwa na kitu.

"Basi kaeni kikao cha dharura," nikamwambia.

"Hatuna akidi, Sista. Hatuna mwakilishi wa wananchi."

Alimwandikia waziri. Waziri alikuwa na mambo yake. Aliandika tena, na tena. Jina la mtu wa kukaa kwenye kiti changu lilichukua miezi mitano kupatikana, maana lilipaswa kupita ofisi tatu na moja kati ya hizo ilikuwa inahama jengo.

Kiharusi kilikuja wiki ya saba, Jumamosi asubuhi, Mheshimiwa akipiga mswaki. Mswaki ulianguka, akauinamia, akaanguka nao. Nilikuwa mlango wa pili, nilisikia, na kabla sijafika nilikuwa nimeshajua, kwa sababu kuna namna mwili unavyoanguka ambayo muuguzi haisahau. Mdomo wake ulikuwa umevutika upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Alinitazama akajaribu kutoa agizo, na halikutoka.

Aliishi. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na simaanishi kwa desturi. Lakini masharti ya utafiti, ambayo niliyasoma mwenyewe, yanasema mgonjwa aliyepata kiharusi ndani ya mwaka mmoja hapokelewi. Kamati ilipokaa tena, mwezi wa sita baada ya kikao kile, maombi yalipita kwa robo saa. Namba tatu akapewa mtoto mwingine. Nimesikia wote kumi na watano wanaendelea vizuri.

Binti yangu hajaniambia neno baya hata moja. Ananiambia dawa ni saa nane, supu iko jikoni, kesho kuna mazoezi. Anayasema akitazama kitu kingine. Sijamwomba msamaha, kwa sababu sijui niuombee kipi: kuuliza, au panya kukutwa hawakuwa na saratani.

Maneno ya Mheshimiwa yalirudi polepole, kwanza majina ya vitu, halafu maagizo. Mchana mmoja mama yake akiwa kazini, nilikuwa namnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama walivyotuelekeza. Alikuwa ananitazama sana.

"Bibi," akasema. Siku hizi anasema taratibu, kila neno analikamilisha. "Mama anasema uliwafikiria wale wengine kuliko mimi."

Nilifika kidole cha mwisho. Ningeweza kukubali. Ingekuwa heshima kwangu, bibi aliyesimamia haki hata kwa damu yake.

"Mama yako amekosea," nikamwambia. "Wale wengine sikuwafikiria hata kidogo. Nilifungua yale mafaili kwa ajili yako tu. Usingekuwemo, ningesoma la njano, ningesema halina tatizo, ningerudi nyumbani."

Alifikiri. Uso wake ukifikiri bado unapinda kidogo upande ule.

"Kwa hiyo ya kabla yangu? Yalikuwa mangapi?"

"Maombi? Kumi na moja. Miaka mitatu."

"Na hayo ulihesabu?"

"Hapana."

Mkono wake ulikuwa ndani ya mikono yangu, wa baridi. Nilijua swali linalofuata, na nilitamani mtu aingie, simu ilie, chochote.

"Walikuwemo watoto?"

"Kwenye matatu walikuwemo."

"Wako wapi sasa?"

"Sijui, mjukuu wangu," nikasema. "Sikuuliza."